Kibaba, Gorogoro na Fungu: Lugha ya Vipimo katika Masoko ya Mombasa Bara

Wanafunzi wa Kiswahili hupenda kuitafuta lugha katika tenzi na methali. Sokoni huenda kwa haja ya kununua tu. Jambo hili lina hasara yake. Kila asubuhi, huko Kongowea, Likoni na Changamwe, maelfu ya watu hutumia msamiati wa vipimo ambao haufundishwi darasani, na asiyeujua hulipa zaidi ya anayeujua. Makala haya yanakusudia kuueleza msamiati huo: asili yake, kazi yake, na sababu ya mnunuzi mgeni kurudi nyumbani na kikapu kisicholingana na fedha alizotoa.

Yafaa kwanza kutaja hali ya mahali penyewe. Mji wa Mombasa ulianza kisiwani, na bara lake lina pande tatu: Likoni upande wa kusini, ng'ambo ya kivuko cha feri, Changamwe upande wa magharibi, ng'ambo ya Makupa, na Kisauni upande wa kaskazini, ambako daraja la kuelea la Nyali la mwaka 1931 lilipisha daraja la sasa mwaka 1980. Kisiwani liko soko la Marikiti, ambalo jina lake ni neno la Kiingereza lililovishwa kanzu. Lakini soko kuu la jumla ni Kongowea, katika eneo la Nyali ambalo zamani lilihesabiwa pamoja na Kisauni. Jina hilo si geni kwa msomaji wa mashairi ya kale, kwani washairi waliuita mji wa Mombasa wenyewe Kongowea. Leo utingo wa lori la vitunguu hulitamka jina hilo mara ishirini kwa siku, wala halimshughulishi.

Wanaokutana katika masoko haya hawana Kiswahili kimoja. Likoni ina Wadigo wengi, na wauza mboga wake huchanganya Kidigo na Kimvita bila ya kuona mpaka. Changamwe ilijengwa na reli, bandari na viwanda, kwa hiyo wakazi wake wengi asili yao ni sehemu za ndani za Kenya, na Kiswahili chao kina lafudhi za huko. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano katika mji huu huu wa Mombasa, na mkutano huo ukaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kikabaki bila cheo hicho. Sokoni, hata hivyo, hakikuomba ruhusa ya mtu. Muuzaji wa Kimvita hutangaza mtele, na mnunuzi aliyesoma shuleni hudhani amekosea kutamka mchele. Akimwita mteja wake kwa kusema "Ndoo!", yaani njoo, mgeni hutazama huku na huku akitafuta ndoo ya maji. Kosa la namna hii huishia kwenye kicheko. Kosa la vipimo haliishii hapo.

Vipimo vya kale vya nafaka vya Waswahili vilikuwa na mpango ulio wazi. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na visaga viwili vilifanya pishi moja. Pishi sitini hivi zilifanya jizla. Vitu vizito vilipimwa kwa ratili na frasila, na frasila moja ilikadiriwa kuwa ratili thelathini na tano. Kila mtoto wa Kenya amekariri kwamba haba na haba hujaza kibaba, na wengi wao hawajapata kukiona kibaba kwa macho.

Lililo muhimu zaidi si majina ya vipimo, bali ni lugha iliyotumiwa kuvilinda. Kibaba kilichojazwa hadi kuinuka kilele kiliitwa kibaba cha tele. Kilichosawazishwa kwa kupitishwa kiganja au kijiti juu ya mdomo wake kiliitwa kibaba cha mfuto, yaani kilichofutwa. Mnunuzi na muuzaji wakitaja bei, walitaja pia ni cha tele au ni cha mfuto. Neno moja lilizuia ugomvi mzima.

Vibaba na pishi viliondoka mikononi mwa wachuuzi, na mahali pake pakashikwa na makopo. Debe, neno lililotujia kutoka lugha za Kihindi, lilikuwa bati la mafuta ya taa; likawa kipimo cha mahindi, kisha likaingia hata katika siasa, kwa kuwa mpiga debe wa leo hana debe mkononi. Gorogoro ni kopo la mafuta ya kupikia, na hukadiriwa kuchukua kilo mbili za mahindi. Sheria ya Mizani na Vipimo ya Kenya, Sura ya 513, haina habari na gorogoro. Hata hivyo, kwa akina mama wengi wa Chaani na Magongo, unga wa wiki huanzia hapo.

Sasa tazama tofauti iliyopo. Gorogoro imekirithi kibaba lakini haikurithi maneno yake. Muuzaji akisawazisha mahindi, mnunuzi hana istilahi ya kudai kilele. Akijaza hadi punje zinamwagika, hana istilahi ya kusifu haki aliyotendewa. Chini ya kopo pakibonyezwa kwa ndani, jambo ambalo wanunuzi wazoefu hulijua na huligeuza kopo kulikagua, hakuna jina la hila hiyo linalojulikana na wote. Mabishano huendeshwa kwa ishara na kwa sauti kubwa. Pengine hii ndiyo sababu wazee wa Mombasa huwaona wachuuzi wa siku hizi kuwa wakali; ukali huo, kwa kiasi fulani, ni uhaba wa maneno.

Fungu ni kipimo cha aina nyingine kabisa. Nyanya, ndimu, pilipili, mihogo na samaki wadogo hupangwa mafungu juu ya gunia au meza, kila fungu kwa bei yake. Mgeni hudhani kwamba fungu ni kiasi maalum. La hasha. Bidhaa inapoadimika, bei ya fungu husimama pale pale kwa muda mrefu, na fungu lenyewe ndilo hupungua: nyanya sita huwa tano, tano huwa nne. Kwa sababu hiyo mnunuzi mzoefu hapotezi wakati kuuliza bei, huhesabu. Tena hapatani bei, hupatana nyongeza. "Niongeze, mama," husema, na jibu huja, "Hilo lishajaa, mwanangu," kisha mkono huchukua nyanya moja iliyowekwa kando tangu asubuhi kwa kazi hiyo hiyo. Anayeomba apunguziwe shilingi mbele ya fungu hujitangaza kuwa si mwenyeji.

Kwa nazi, kipimo ni umri. Tunda hili huanza kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, ndipo likawa nazi. Dafu hunywewa; nazi hukunwa ikatoa tui; koroma ipo katikati, imepita kunywewa na haijafikia kukunwa, na tui lake ni jepesi. Mnunuzi wa Changamwe aliyehamia kutoka mbali na pwani huziita zote nazi, na kwa hiyo huweza kuuziwa koroma kwa bei ya nazi, akalaumu upishi wake. Mwenyeji huitikisa sikioni asikie maji, huigonga kwa kucha, na kama ana shaka huuliza kwa jina: "Hii si koroma?" Swali hilo peke yake hutosha kumfanya muuzaji achague nyingine. (Hapa pia mgeni huonywa asishangae akiambiwa kwamba nazi haiwezekani bila mbuzi. Mbuzi huyo ni kiti cha mti chenye ulimi wa chuma.)

Juu ya mavazi hapahitajiki maneno mengi. Mtumba hapo kale ulikuwa robota la nguo lililofungwa kwa ajili ya kuchukuliwa na mpagazi. Leo mitumba ni nguo kuukuu za ng'ambo, na Kongowea huziuza kwa robota na kwa moja moja. Neno limebaki na mzigo wake, limebadilisha mwenye nguo.

Linalobaki ni gunia, na hapa ndipo vipimo huumiza wengi kwa pamoja. Viazi na vitunguu vinavyoshushwa Kongowea kutoka sehemu za ndani huja mara nyingi katika magunia yaliyoongezwa kilemba cha wavu au kamba juu ya mdomo. Gunia la namna hiyo huitwa lumbesa. Mkulima huuza kwa gunia, na gunia lake huhesabiwa moja hata likiwa na kilemba. Mchuuzi wa soko huuza viazi vile vile kwa ndoo au kwa fungu, na kilemba chote huwa ndoo na mafungu yenye bei. Anayenunua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine hupata faida katika pengo lililo baina ya maneno mawili. Kanuni za mwaka 2019 kuhusu viazi ziliagiza kwamba gunia lisizidi kilo 50. Neno lumbesa halikutoka sokoni kwa agizo hilo, wala kilemba hakikutoka juu ya gunia.

Pishi, kwa upande wake, imehifadhiwa na dini. Mwisho wa Ramadhani zaka ya fitri hutolewa kwa kila mtu wa nyumba, na kipimo chake cha Kiarabu, saa moja ya mudi nne, kililingana vizuri na pishi ya vibaba vinne. Hadi leo Mwislamu wa Likoni au Kisauni husikia ikitajwa pishi ya chakula, kisha huelezwa kuwa ni kilo mbili na nusu hivi. Mwenye duka humpimia mchele huo kwa mizani, na mnunuzi huondoka akisema kuwa amenunua pishi.