Kutazama Tamthilia Mtandaoni bila Malipo: Nani Hulipa, na Hulipa Nini

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara nyingi kutoka kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano ni yale yahusuyo tovuti na programu zinazoonesha tamthilia na filamu pasipo kudai ada. Wachache huuliza iwapo jambo hilo ni halali. Walio wengi huuliza baada ya kupata hasara: bando la mwezi limekwisha kwa usiku mmoja, simu imejaa matangazo ya aibu, au fedha zimetoka katika akaunti bila mwenyewe kujua. Katika sura hii tunaeleza huduma hizo zinavyojiendesha, ili mtumiaji aweze kutambua mapema anaingia katika mlango upi.

Kutiririsha picha maana yake ni kwamba filamu haishushwi yote kwa pamoja na kuhifadhiwa katika simu, bali hutumwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikichezwa wakati kinachofuata kikiwa njiani. Kazi hiyo huhitaji kompyuta kubwa zinazowaka usiku na mchana, na mwenye kuzimiliki ana gharama. Kwa hiyo, hata pale mtazamaji asipotoa shilingi, yupo anayelipa, na swali la kwanza la kujiuliza ni nani huyo.

Katika huduma halali jibu halifichwi. YouTube hulipiwa na matangazo ya biashara, na sehemu ya mapato hayo huwaendea wenye chaneli waliokubaliwa katika mpango wake wa malipo. Huduma za Marekani kama Tubi, iliyonunuliwa na kampuni ya Fox mwaka 2020, na Pluto TV, hufuata utaratibu uo huo: mtazamaji anakatizwa na matangazo kama anavyokatizwa mbele ya runinga ya kawaida, na mwenye filamu analipwa. Haki za kuonesha filamu huuzwa nchi kwa nchi, ndiyo maana huduma nyingi za namna hiyo hazifunguki kila mahali. Wapo wanaovuka kizuizi hicho kwa kutumia VPN. Tunawakumbusha kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa agizo likiwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa za matumizi yao, na kwamba mwenye VPN ya bure anapitisha mawasiliano yako yote mikononi mwake. Kukwepa ada ya filamu kwa kumkabidhi mtu usiyemjua mawasiliano yako yote ni biashara mbaya.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano unaofaa kukumbukwa. Septemba 2021 Netflix ilianzisha huko mpango wa bure kwa wenye simu za Android. Aliyejiunga alitakiwa awe na umri wa miaka 18 au zaidi, alioneshwa sehemu tu ya filamu zote, na wala hakuombwa namba ya kadi ya benki. Mpango huo ulifungwa tarehe 1 Novemba 2023. Tunautaja kwa sababu mbili. Kwanza, ofa ya bure ya kampuni kubwa ina mwisho wake, kwa kuwa lengo ni kumzoeza mteja ili baadaye alipe. Pili, na hili ndilo kubwa, ofa iliyokuwa ya bure kweli haikuhitaji kadi. Tovuti inayokuambia kwamba filamu ni bure lakini uandike namba za kadi "kuthibitisha umri" inakudanganya.

Sasa tuje upande wa pili, ambako hasara nyingi hutokea. Zipo tovuti zinazoonesha filamu za watu wengine bila ruhusa. Iliyojulikana kwa jina la 123movies ilifungwa mwaka 2018, na Fmovies ilifungwa mwaka 2024. Zote mbili zilikuwa zikiendeshwa kutoka Vietnam. Hata hivyo, ukitafuta majina hayo leo utakuta tovuti nyingi zinazoyatumia. Ni za watu wengine waliolirithi jina kwa sababu bado linavuta watu, na mtazamaji anayedhani amerudi mahali anapopajua amefika kwa mgeni kabisa.

Kampuni zenye sifa hazipendi kutangaza katika tovuti hizo, basi nafasi ya matangazo hununuliwa na watu wa kamari, wa picha za ngono, na matapeli. Mtazamaji hukutana nao hivi: katikati ya skrini pana alama ya kuchezesha picha. Anaibonyeza, na badala ya tamthilia unafunguka ukurasa mwingine unaodai kwamba simu yake ina virusi. Anaufunga, anabonyeza tena, unafunguka wa kamari. Mara ya tatu kinatokea kisanduku kidogo kikimtaka abonyeze "Ruhusu" ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Anaruhusu, na picha inaanza. Alichokiruhusu hasa ni tovuti hiyo kumtumia arifa wakati wowote, hata akiwa ameifunga. Kesho yake asubuhi arifa zinaingia zikisema ameshinda zawadi, au akaunti yake ya benki imefungwa, na kwa kuwa zinatokea mahali pale pale zinapotokea arifa za kweli, ni rahisi kuziamini. Mtoto aliyepewa simu atulie huzibonyeza bila kusita.

Dawa yake ni nyepesi na haihitaji fundi. Fungua kivinjari, ingia katika Mipangilio, kisha Mipangilio ya Tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti ulizozipa ruhusa. Iondoe kila moja usiyoitambua.

Hatari kubwa zaidi huja pale tovuti inapokutaka upakue "kichezeshi" au programu yake nje ya duka rasmi la programu. Simu ya Android hukuonya kwanza kwamba chanzo hakijulikani. Onyo hilo lisipuuzwe. Programu ya kutazama filamu haina haja ya kusoma ujumbe wako mfupi, wala orodha ya majina, wala kupewa ruhusa ya kuongoza skrini. Ikiomba kusoma ujumbe mfupi, maana yake inataka kuona namba za uthibitisho ambazo benki hukutumia. Hapo tamthilia imekwisha kuwa chambo.

Kuna pia visanduku vya Android vya bei ya chini vinavyouzwa vikiwa "vimefunguliwa chaneli zote". Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0, ulioingia katika mamilioni ya vifaa vya nyumbani, vikiwemo visanduku vya aina hiyo. Vingine vilikuwa na programu hasidi hata kabla ya kununuliwa. Kifaa kilichoambukizwa huendelea kuonesha filamu vizuri tu, huku intaneti ya nyumba ikitumiwa na wahalifu kuficha nyendo zao, nao mwenye nyumba hajui. Muuzaji akikuelekeza uzime ulinzi wa Google Play Protect ili kifaa kifanye kazi, kirudishe mezani pake.

Tukiacha utapeli, ipo gharama ambayo huduma halali na haramu zinashirikiana, nayo ni data. Hesabu yake si ngumu. Picha inayokuja kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde hutumia megabaiti 450 kwa saa. Kasi hiyo hutoa picha ya wastani inayotosha kioo cha simu. Picha angavu ya kiwango cha juu yaweza kuhitaji megabiti tano, yaani zaidi ya gigabaiti mbili kwa saa. Tuseme umeanza tamthilia ya Kituruki yenye sehemu 60, kila sehemu dakika 45. (Kwao Uturuki sehemu moja hufikia saa mbili, hukatwa zinapouzwa nje.) Kwa picha ya wastani utatumia gigabaiti 20 hivi hadi mwisho, kwa picha angavu, gigabaiti 100. Matangazo nayo ni picha na hula bando lile lile. Programu nyingi huchagua ubora zenyewe kwa kufuata nguvu ya mtandao, kwa hiyo mwenye mtandao mzuri ndiye anayemaliza bando upesi. Weka ubora kwa mkono wako, na uzime uchezaji unaoendelea wenyewe, hasa kama una desturi ya kusinzia ukitazama.

Kuhusu sheria tutasema kwa ufupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda filamu na tamthilia, za nje na za hapa nyumbani. Mwenye kibanda anayeshusha filamu na kuwauzia wateja, au anayefungua kundi la Telegram na kutoza ada ya kujiunga, anafanya biashara kwa mali ya mwingine, na wateja wake hawawezi kudai fedha zao siku kundi linapofungwa. Mara nyingi anayeumia ni msanii wa hapa hapa, maana kazi yake soko lake ni sisi.

Yapo yanayoweza kukusaidia kutambua. Filamu ambayo bado imo katika majumba ya sinema haiwezi kuwa bure mtandaoni kihalali. Katika YouTube, tazama jina la chaneli: je, ni ya kituo cha runinga au ya mtayarishaji mwenyewe? Ukiona picha imegeuzwa kiasi kwamba maandishi ya mabango yanasomeka kinyume, au imebanwa ndani ya fremu, au sauti za waigizaji zimekuwa nyembamba isivyo kawaida, fahamu kwamba aliyeipandisha anaikwepa mitambo ya kutambua hakimiliki.

Ikiwa fedha zimekwisha kutoka, piga simu mara moja kwa mtoa huduma wako wa fedha au benki ili muamala uzuiwe, kisha badili namba ya siri ukitumia simu nyingine, kwani ile ya kwanza yaweza kuwa bado inasomwa. Ujumbe wa kitapeli uutume kwenda 15040, ukitaja namba iliyoutuma. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Toa taarifa polisi. Lalamiko dhidi ya mtoa huduma lipeleke kwake kwanza, naye akupe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na jibu, lifikishe TCRA pamoja na namba hiyo, namba ya muamala, tarehe na saa, na picha ya skrini ya ukurasa uliokutapeli, ikiwa ulibahatika kuihifadhi kabla ukurasa haujatoweka.