Fahamu haki ya asasi za mazingira kufungua mashauri Mahakama ya Afrika Mashariki na ukomo wa miezi miwili

Asasi ya kiraia inayojishughulisha na hifadhi ya mazingira katika nchi yoyote mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kufungua shauri dhidi ya Serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki yenye makao yake jijini Arusha, bila kulazimika kuthibitisha kuwa yenyewe imepata hasara. Hata hivyo, haki hiyo ina ukomo wa muda wa miezi miwili, na asasi inayochelewa hupoteza nafasi ya kusikilizwa hata kama hoja zake ni nzito.

Haki ya wananchi kufika mahakamani kwa masuala ya mazingira ilitambuliwa kimataifa mwaka 1992, pale Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Rio de Janeiro, nchini Brazili, ulipopitisha Azimio ambalo Kanuni yake ya 10 inazitaka nchi kuwapa wananchi taarifa, kuwashirikisha katika maamuzi na kuwawezesha kufikia vyombo vya haki. Mwaka 1998 nchi za Ulaya ziliigeuza kanuni hiyo kuwa wajibu wa kisheria kupitia Mkataba uliotiwa saini mjini Aarhus, Denmark, ambao unazihesabu asasi za mazingira kuwa na maslahi ya kutosha kufungua mashauri.

Kwa Afrika Mashariki, njia hiyo inapatikana katika Mkataba wa Uanzishwaji wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa tarehe 30 Novemba, 1999 na kuanza kutumika Julai, 2000. Ibara ya 30 inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu binafsi au taasisi iliyosajiliwa, haki ya kuiomba Mahakama itamke iwapo sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama au cha chombo cha Jumuiya kinakiuka Mkataba. Ibara za 111 hadi 114 zinazitaka nchi wanachama kushirikiana katika kulinda mazingira na maliasili, na ndizo ambazo asasi huzitumia kama msingi wa madai yao.

Mahakama imekwishafafanua kuwa mlalamikaji hahitaji kuonesha haki yake binafsi iliyovunjwa, kwa kuwa shauri la aina hii linahusu utii wa Mkataba wenyewe. Aidha, Mkataba haumtaki mlalamikaji amalize kwanza ngazi zote za mahakama za nchini mwake.

Shauri la Serengeti

Shauri Namba 9 la mwaka 2010 ndilo mfano unaojulikana zaidi. Asasi ya ANAW yenye makao yake Nairobi, Kenya, inayoshughulikia ustawi wa wanyama, ilipinga mpango wa Tanzania wa kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, eneo ambalo nyumbu hupita katika safari yao ya kila mwaka kati ya Serengeti na Maasai Mara.

Serikali iliweka pingamizi kwamba Mahakama haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Pingamizi lilifika Divisheni ya Rufaa, ambayo Machi, 2012 iliamua kuwa Mahakama inayo mamlaka. Tarehe 20 Juni, 2014, Divisheni ya Awali ilitoa hukumu kwamba mpango huo, kama ulivyopendekezwa awali, ulikuwa kinyume cha Mkataba, na ikatoa zuio la kudumu dhidi ya barabara ya lami ndani ya Hifadhi. Wakati huohuo, iliiachia Serikali haki ya kubuni mipango mingine isiyoathiri mazingira na ikolojia ya Serengeti. Hivyo, asasi ya nchi moja mwanachama ilisikilizwa kuhusu mradi wa nchi nyingine.

Shauri la bomba la mafuta

Novemba, 2020, asasi nne kutoka Kenya, Uganda na Tanzania zilifungua shauri kupinga mradi wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Asasi hizo zilidai kuwa mradi unahatarisha mazingira na haki za wananchi wa maeneo linakopita bomba.

Tarehe 29 Novemba, 2023, Divisheni ya Awali ilitupilia mbali shauri hilo kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda. Mahakama ilieleza kuwa walalamikaji walipaswa kuchukua hatua tangu mwaka 2017, yaliposainiwa makubaliano kati ya Serikali za Uganda na Tanzania kuhusu mradi huo. Hoja za mazingira hazikuamuliwa.

Muda unavyohesabiwa

Ibara ya 30 inaeleza kuwa miezi miwili huanza siku sheria ilipotungwa, uamuzi ulipotolewa au kitendo kilipofanyika. Na pale ambapo hilo halipo, siku mlalamikaji alipopata habari. Divisheni ya Rufaa imekwishaamua kuwa hoja ya ukiukwaji unaoendelea kila siku haifungui upya muda uliokwisha. Miradi mikubwa huanza kwa makubaliano, kisha tathmini ya athari kwa mazingira, vibali na hatimaye ujenzi. Anayesubiri kuona mitambo ikichimba anaweza kukuta muda umekwisha miaka kadhaa nyuma.

Kwa sababu hiyo, asasi inapaswa kufuatilia matangazo rasmi, kuweka kumbukumbu ya tarehe ya kila uamuzi na kumshirikisha wakili mapema. Mashauri hufunguliwa katika Masjala ya Mahakama jijini Arusha au katika masjala ndogo zilizopo nchi wanachama, ikiwemo ya Dar es Salaam.

Pale ambapo muda umepita, mahakama za ndani bado zinaweza kuwa na nafasi. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kwenda mahakamani kuilinda. Nchini Kenya, Ibara ya 70 ya Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu mwombaji kufungua shauri la mazingira bila kuthibitisha hasara.