Jimbo halina fungu

Swali ni lile lile, na safari hii limetoka Kasoli, wilayani Bariadi: sasa kwa kuwa Bariadi imekuwa majimbo mawili, fedha za maendeleo nazo zitakuwa mara mbili? Mwingine, mtu mzima anayekumbuka enzi za chama cha UDP, ameuliza kwa kurudi nyuma: jimbo la Bariadi Mashariki lilipoondolewa, fedha zake zilipelekwa wapi?

Hazikupelekwa popote. Jimbo lile halikuwa na fedha za kupelekwa popote, na jipya halina za kuja nazo. Nimeshalisema hili mara nyingi kiasi kwamba leo nitalisema kwa ukali.

Chukua vitabu vya bajeti ya Serikali. Utakuta fungu la Mkoa wa Simiyu, na ndani yake halmashauri moja moja: mishahara ya walimu na wauguzi, ruzuku, miradi ya maendeleo. Tafuta jimbo mpaka macho yaume, hutaliona. Jimbo ni mpaka wa kuhesabia kura za ubunge. Halina mkurugenzi, mweka hazina wala mhandisi.

Asiyeamini aitazame historia ya Bariadi yenyewe, maana kuna sehemu chache nchini zenye ushahidi mzuri kama huu. Uchaguzi wa 2005 uliikuta wilaya ikiwa na majimbo mawili. Bariadi Magharibi ilimchagua Andrew Chenge wa CCM, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1993. Bariadi Mashariki ilimchagua John Cheyo, mwenyekiti wa UDP, yule wa "mapesa" aliyegombea urais mwaka 1995 na 2000 na kupata takriban asilimia 4 kila mara. Mwaka 2010 wote wawili wakarudi bungeni. Katika chaguzi hizo mbili, Bariadi Mashariki ndilo jimbo pekee ambalo UDP ililipata nchi nzima.

Hebu fikiri: wabunge wawili, vyama viwili, mmoja amewahi kuwa waziri, mwingine ameongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Kama jimbo lingekuwa na kapu lake, tungeona makapu mawili. Lakini halmashauri ilikuwa moja, Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi. Ruzuku iliingia mahali pamoja, bajeti ikapitishwa na baraza moja la madiwani, na waheshimiwa wote wawili wakaketi humo kama wajumbe, kila mmoja na kura yake moja.

Kilichobadilisha mambo kilikuja 2012, na hakikuwa uchaguzi. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa, na Itilima ikakatwa kutoka Bariadi ikawa wilaya. Hapo ndipo mkurugenzi mpya, ofisi mpya na bajeti mpya vilipopatikana. Uchaguzi wa 2015 ulipofika, jina la Bariadi Mashariki halikuwamo tena kwenye orodha. Kukawa na jimbo la Itilima na jimbo la Bariadi. Watu wakadhani jimbo ndilo lililoleta wilaya. Ni kinyume chake: wilaya ilitangulia, jimbo likafuata nyuma.

Kisha likaja jaribio la pili, la kugeuza mambo kabisa. Hadi 2025 jimbo la Bariadi lilikuwa moja, chini ya Chenge na kisha Kundo Mathew kuanzia 2020, lakini ndani yake mlikuwa na halmashauri mbili: ya Wilaya na ya Mji. Mbunge mmoja, makapu mawili. Je, kuna mwaka ambao halmashauri hizo ziligawana bajeti moja kwa sababu mbunge wao ni mmoja? Kila moja ilikuwa na mkurugenzi wake na baraza lake. Wabunge wawili hawakuleta makapu mawili, na mbunge mmoja hakuyafanya makapu mawili kuwa moja. Ushahidi gani zaidi unatakiwa?

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8 na kufikisha jumla 272 kutoka 264. Bariadi Mjini ni mojawapo. Upande uliobaki, wenye Kasoli, ukaitwa Bariadi Vijijini. Vigezo vilitajwa, vikiwemo watu 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la vijijini. Hakuna kigezo kinachosema eneo maskini lipewe jimbo ili litajirike.

Najua mtakachojibu: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Ndiyo, upo, kwa sheria ya 2009, na ndio uzi pekee ambao waganga wa siasa wameushikilia. Basi tuusome mgawo wake. Robo ya fedha hugawanywa sawa kwa majimbo yote. Asilimia 45 hufuata idadi ya watu, 20 hufuata kiwango cha umaskini, na 10 ukubwa wa eneo. Ukigawa jimbo, watu hawazaliani usiku huo wala ardhi haitanuki. Ugali ule ule umepakuliwa kwenye sahani mbili. Kinachoongezeka ni ile sehemu ya mgawo sawa tu, nayo hupungua kidogo kwa kila jimbo jipya linaloingia kwenye foleni. Mfuko wenyewe ni wa kuchochea miradi ya wananchi, yaani bati na saruji pale walipokwisha kupandisha boma. Haujengi hospitali, wala haukukusudiwa kujenga.

Mgombea anayewaahidi wananchi neema kwa sababu ya mpaka mpya wa jimbo ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anawadanganya. Sijui lipi ni baya zaidi.

Mgawanyo wa majimbo una maana, lakini ya uwakilishi: mbunge wa vijijini hatagawana tena masikio yake na mji. Hilo ni jambo jema, lidaiwe kwa jina lake.

Sasa yanayowezekana, haraka haraka. Pamba ya Kasoli ikinunuliwa, mnunuzi hulipa halmashauri ushuru wa asilimia 3; muulize diwani ushuru wa msimu uliopita ulikuwa kiasi gani na umefanya nini katani. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu. Daini mapato na matumizi yasomwe, na mkutano usipoitishwa, uliza kwa maandishi. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi, nendeni mkasikilize. Mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Undeni vikundi, ombeni. Mfuko wa jimbo una kamati na mbunge ndiye mwenyekiti wake. Ombeni orodha ya miradi ya mwaka. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hutolewa kila mwaka. Someni kurasa za halmashauri yenu.

Na mkiwa na dukuduku kuhusu hospitali, barabara au dawati, msiniulize tena kuhusu jimbo. Muulizeni mkurugenzi wa halmashauri.