Je, Wajua? Ubavu wa Kushoto wa Lori

Mjini Shinyanga baiskeli za abiria, ambazo wenyeji huziita daladala, hugawana barabara na malori ya kwenda migodi ya Kahama na Geita. Dereva hukaa kulia. Mwendesha baiskeli aliye kushoto, usawa wa mlango, anaweza asionekane kabisa.

Kanuni namba 151 ya Umoja wa Mataifa (2019) inataka lori limtahadharishe dereva kuhusu baiskeli iliyo ubavuni kabla hajakata kona. Namba 159 (2021) inamlinda aliye mbele ya bampa gari linapoondoka kwa mwendo usiozidi kilomita 10 kwa saa. Katika Umoja wa Ulaya mifumo hii ya vihisio ni lazima kwa malori yote mapya tangu Julai 2024.

Kwetu mara nyingi kihisio ni utingo: “Njoo, njoo, kata kulia, simama!” Na katika migodi mingi duniani dereva hupiga honi kabla ya kuondoka: mbili kwenda mbele, tatu kurudi nyuma.