Kanisa liliungua, kitabu kikabaki

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Jengo nalo ni mali, na kisa cha Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo jijini London kinatuonyesha daftari lake huwaje.

Mwaka 1641 Uingereza ilikuwa imekaribia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwanahistoria William Dugdale alihofia kuwa makanisa makuu ya zama za kati yangeharibiwa. Akafuatana na mchoraji, wakazunguka Peterborough, Ely, Lincoln na kwingineko wakinakili makaburi na maandishi yake. Hofu yake haikuwa ya bure. Vita vilipozuka, askari walifunga farasi ndani ya Mtakatifu Paulo.

Mwaka 1658 Dugdale alichapisha historia ya kanisa hilo, yenye picha za Wenceslaus Hollar, mzaliwa wa Prague. Fundi wa kazi hii hupaka nta kwenye bamba la shaba, akachora kwa sindano, kisha akamwaga tindikali. Tindikali hula shaba pale tu nta ilipokwaruzwa. Mistari hiyo hujazwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Gharama ilikuwa kubwa, kwa hivyo matajiri walilipia mabamba, na majina yao yakachorwa humo humo.

Katika picha hizo utaona safu ndefu za nguzo na matao, dirisha kubwa la duara upande wa mashariki, na makaburi ya wakubwa. Hata mnara uliochongoka, ambao radi iliuteketeza mwaka 1561 kabla Hollar hajazaliwa, aliuchora.

Septemba 1666 moto mkubwa ukaunguza London. Wauza vitabu walikuwa wameficha bidhaa zao chini ya kanisa wakidhani ni salama; nazo zikateketea. Kanisa la leo ni jipya, kazi ya Christopher Wren. Anayetaka kujua la kale lilivyokuwa humrejea Hollar.

Na sisi je? Mwaka 1966 Peter Garlake alichapisha kitabu chenye michoro ya misikiti na makaburi ya kale ya mwambao wetu. Lakini nyumba ngapi za mawe zimeanguka mitaani bila kuchorwa hata mlango? Si lazima tumngoje Hollar. Kamba ya kupimia, daftari na ruhusa ya mwenye nyumba vinatosha kuanzia, maadamu ukuta bado umesimama.