KUZUNGUKA NCHI YA CHAI KWA MOTOKAA

Mtu atokaye Nakuru kwenda Kericho kwa motokaa hupanda kwanza mpaka Mau Summit, ambako hewa ni baridi hata jua likiwa juu. Kisha barabara huteremka. Hapo ndipo dereva mgeni hujaribiwa, maana lami ni nzuri na mteremko ni mrefu, na mguu hushawishika kuliacha gari liende lipendavyo.

Njiani iko njia panda ya Londiani. Jioni ya tarehe 30 Juni, 2023, lori lililochukua kontena liliacha njia mahali hapo, likagonga magari na watu waliokuwa kando ya barabara, wakiwamo wachuuzi. Watu zaidi ya 50 walikufa. Basi apitaye pale na atie gia ndogo mapema, wala asitegemee breki peke yake. Akumbuke pia kwamba katika nchi ya vilima, kando ya barabara ndipo penye soko, kituo cha magari na njia ya watoto waendao shuleni.

Mji wa Kericho uko juu kadiri ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake haikatiki kwa muda mrefu, na aghalabu hunyesha alasiri. Mvua hiyo ndiyo iliyoyavuta makampuni ya Waingereza kupanda chai hapa katika miaka ya 1920. Kwa miaka mingi wenyeji walizuiwa kupanda chai yao wenyewe, mpaka miaka ya 1950. Leo, msafiri akishika njia ya kusini kupitia Litein na Kapkatet, huona vishamba vya Wakipsigis vimefunika vilima pande zote mbili.

Katika njia hizo atakutana na malori ya majani mabichi. Majani mawili na chipukizi lake, yakisha kuchumwa, hayana budi kufika kiwandani siku ile ile. Yakirundikana hupata joto na kuharibika. Lori likikwama matopeni, kazi ya kutwa nzima ya mkulima hupotea. Kwa hiyo dereva mwungwana, akikutana nalo mahali pembamba, hukaa kando akalipisha.

Kaplong barabara hugawanyika, na njia ya kushoto humfikisha msafiri Bomet. Karibu na mji huo, huko Tenwek, yako maporomoko ya mto Nyangores. Mto huo hutoka msitu wa Mau, hukutana na Amala, ikawa mto mmoja uitwao Mara, ukaenda mpaka Ziwa Victoria katika nchi ya Tanzania.

Safari hii si ndefu, wala haihitaji haraka. Msafiri aondoke asubuhi, ili mvua ya alasiri imkute amekwisha kufika. Wahenga walisema, "Kawia ufike." Katika vilima hivi, afikaye salama huwafikisha salama na wale aliowakuta njiani.