Kwa Nini Picha Hukuliza Hatari Ikishapita

Safari hii maswali mengi yaliyotufikia kutoka miji ya mpakani ya Sakania na Kasumbalesa hayakuhusu malaria wala kipindupindu. Yalihusu picha. Dereva anayengoja zamu ya kuvuka mpaka anatazama filamu ya Kinaijeria kwenye simu. Mama ndani ya picha anamsamehe mwanawe aliyemkana mbele za watu, na dereva, mzee mwenye wajukuu, anajikuta analengwalengwa na machozi. Anauliza ameanza kuugua nini. Mama mmoja ameambiwa kanisani kwamba ana roho ya kilio aliyoirithi kwa bibi yake, na kwamba maombi ya kuitoa yana sadaka yake maalumu. Mwingine ameuziwa sokoni chupa ya matone ya kukausha maji ya macho.

Jibu fupi kwa wote: kulia kwa ajili ya picha si ugonjwa. Jibu refu ndilo tamu, kwa sababu linapindua jambo ambalo karibu kila mtu anaona liko wazi, yaani kwamba chozi hutoka pale tunapoumia zaidi. Mara nyingi hutoka pale maumivu yanapoanza kutuachia.

Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walichapisha kazi ambayo watafiti wa hisia wanaitumia hadi leo. Walikuwa wamewaonyesha watu 494 vipande 78 vya filamu, wakitafuta kipi kinaamsha hofu, kipi kicheko, kipi kinyaa. Kwa huzuni, kipande kilichotia fora kilikuwa mwisho wa *The Champ*, picha ya Franco Zeffirelli ya mwaka 1979: mtoto anamlilia baba yake bondia aliyekata roho muda mfupi baada ya kushinda pambano. Hakifiki hata dakika 3. Lakini angalieni vizuri walichopima. Waliwauliza watazamaji wanajisikiaje, hawakuhesabu machozi. Huzuni na machozi havitembei pamoja kila siku, na yeyote aliyekesha kwenye matanga anajua hilo. Mjane anapika, anapokea wageni, anahesabu michango, macho makavu, na majirani wabaya wanaanza kunong'ona. Wiki tatu baadaye shemeji anamletea kiatu cha marehemu kilichosahaulika kwa fundi, na hapo ndipo anapolia machozi njia mbili mbili.

Waliolishika jambo hili mapema ni watafiti Jay Efran na Timothy Spangler, mwaka 1979. Walitumia *The Miracle Worker*, picha ya mwaka 1962 kuhusu Helen Keller, mtoto asiyeona wala kusikia, na mwalimu wake Annie Sullivan. Karibu picha nzima ni vita kati ya mtoto na mwalimu. Kisha, kwenye pampu ya maji, mtoto anaelewa kwa mara ya kwanza kwamba ishara anazochorewa kiganjani ni jina la kile kinachomlowesha. Hakuna aliyekufa wala aliyeumia, na bado watu wanalia. Nadharia ya Efran na Spangler ina hatua mbili: kwanza mwili unakazwa, halafu kinatokea kitu kinachouruhusu ulegee. Chozi ni la hatua ya pili.

Sakania inaweza kufundisha somo hili bila maabara. Reli kutoka Ndola iliingia Kongo hapo mwaka 1909, na tangu wakati huo mji umeona watu wakiagana na kupokeana kuliko sinema yoyote. Mwulizeni aliyepata kusafiri: wakati wa kuondoka mtu yuko na mizigo, tikiti, karatasi za mpaka, mtoto asipotee. Kilio kikubwa huwa siku ya kurudi, mikononi mwa mama.

Sasa tuingie ndani ya mwili, na wenye haraka waruke aya hii na mbili zinazofuata, ingawa watakosa mambo. Mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe una pande mbili. Upande mmoja hutuandaa kwa mbio au mapigano: moyo unakwenda kasi, mikono inatoka jasho, pumzi inapanuka. Upande wa pili huturudisha kwenye utulivu, chakula kisagwe, usingizi uje. Picha nzuri inauchokoza upande wa kwanza kwa saa nzima. Sehemu ya mbele ya ubongo inajua kabisa kwamba yule ni mwigizaji na amelipwa. Sehemu za ndani zinazopima hatari na upweke haziulizi stakabadhi. Gross, Levenson na Barbara Fredrickson waliwawekea wanawake vipimo vya mwili huku wakitazama *Steel Magnolias*, na waliolia walionyesha mwili uliochangamka zaidi kuliko wasiolia. Tafiti zilizofuata zimeongeza kwamba kilio kikishaanza, upande wa pili huamka na pumzi huanza kujipanga upya.

Tezi ya machozi hupata amri zake hasa kutoka upande huo wa utulivu. Amri inaanzia ndani ya ubongo, inapita kwenye shina lake, inasafiri pamoja na neva ya saba, ile inayoendesha misuli ya uso, kisha inafika kwenye tezi iliyo juu ya jicho. Njia ya kitunguu ni nyingine: mwasho unapokelewa na neva ya tano kwenye uso wa jicho ndipo habari inakwenda kwa ubongo. Ndiyo maana mtu ambaye neva yake ya tano imekatwa anaweza kukatakata vitunguu bila chozi, na bado akalia kwenye arusi ya binti yake. Na kuna ajabu kubwa zaidi. Baadhi ya watu waliopooza upande mmoja wa uso, neva ya saba inapoota upya, nyuzi zilizokuwa za mate hupotea njia zikafika kwenye tezi ya machozi. Wanapokula, jicho la upande ule linatiririka. Mtu anakula bukari na kulia, bila huzuni yoyote, na familia inaanza kutafuta aliyemroga. Ni nyuzi zimeunganishwa vibaya, basi.

Lile donge la kooni nalo lina maelezo. Mwili uliokazwa unafungua mlango wa zoloto ili hewa nyingi ipite. Ukijikaza usilie unameza mate, na kumeza kunataka mlango huohuo ufungwe. Misuli inavutana, nawe unahisi kitu kimekukaba. Ama kamasi za ghafla, si kamasi tupu: ni machozi yaliyoteremka kwa kijifereji kinachotoka kwenye kona ya jicho hadi ndani ya pua. Mengine yanafika kooni na unayameza.

Nimeitaja njia ya pua makusudi, kwa sababu inaua uongo unaouzwa sana, kwamba machozi yanatoa sumu mwilini. Chanzo chake ni mtu wa heshima, mwanakemia William Frey wa Marekani. Mwaka 1981 alionyesha kwamba machozi ya waliolizwa na filamu yana protini nyingi kuliko ya waliolizwa na kitunguu, tofauti ya zaidi ya asilimia 20. Akabuni kwamba huenda kilio kinasafisha mwili. Lilikuwa wazo la kupimwa, na halikuthibitika. Waganga wa redioni wakalichukua kama amri ya Musa, sasa wanauza dawa za kuliza na dawa za kukausha, wakati mwingine meza moja. Nawauliza: ni sumu gani hiyo inayotolewa kwa jicho na kumezwa tena kwa koo? Kazi hiyo ina ini na figo, na hazijalalamika.

Uongo wa pili ni mpole zaidi: ukilia utapata nafuu papo hapo. Timu ya Asmir Gračanin na Ad Vingerhoets, wa Chuo Kikuu cha Tilburg nchini Uholanzi, iliwatazamisha watu 60 *La vita è bella* na *Hachi: A Dog's Tale*. Watu 28 walilia. Mara tu baada ya picha, waliolia walikuwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Dakika 20 baadaye walikuwa wamerudi walipokuwa. Dakika 90 baadaye walijisikia vizuri kuliko kabla ya kutazama. Nafuu ipo, lakini inachelewa.

Na yule dereva anayeona haya: Frey aliwaandikisha Wamarekani shajara za vilio, na wanawake walilia zaidi ya mara 5 kwa mwezi, wanaume mara 1 na kitu. Wanaume wanalia kidogo, lakini wanalia. Utotoni tofauti hiyo karibu haipo. Tezi ni ileile.

Hapa Lubumbashi tuna picha inayoitia nadharia mtihani. *Lumumba* ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, inaishia kwenye msitu wa Shilatembo, ambako Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa kwa risasi tarehe 17 Januari 1961. Ni mauaji ya karibu na nyumbani, na waliouawa hawakuachiwa kaburi. Mwili umekazwa hadi mwisho, na hakuna kinachouruhusu ulegee. Kwa maoni yangu ndiyo sababu mtu anaweza kutoka kwenye picha hiyo ana hasira na macho makavu. Juni 2022 Ubelgiji ililirudisha jino la Lumumba, likazungushwa nchini, likafikishwa na Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30. Anayeitazama picha hiyo leo anao mwisho ambao Peck hakuwa nao wa kumpa, na sitashangaa akilia.

Kuhusu roho ya kilio, sina subira. Mwongozaji Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ana picha inayoitwa *Augure*, iliyotuzwa Cannes mwaka 2023. Ndani yake mwanaume aliyerudi kutoka Ulaya anatokwa na damu puani akiwa amempakata mtoto mchanga wa dada yake, na ukoo mzima unaona uchawi. Hakuna anayeangalia pua. Wanaotoza sadaka kwa ajili ya machozi wako kwenye ukoo huo.

Ushauri, kwa haraka. Ukilia, futa kwa kitambaa safi, usisugue. Matone ya sokoni acha: baadhi yana dawa za jamii ya kotizoni, ambazo zikitumiwa bila daktari zinaweza kupandisha presha ya jicho na kulipofusha polepole bila maumivu. Maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani yasiingie jichoni hata kidogo. Kilio cha kila siku kinachopita wiki mbili, pamoja na kukosa usingizi au hamu ya kula, kipeleke kituo cha afya. Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain kwa magonjwa ya akili. Jicho moja linalotiririka bila sababu, au kope zinazochoma jicho, ni kazi ya daktari wa macho.

Na kuna mgonjwa mmoja ambaye huonewa zaidi ya wote: aliyepata kiharusi, kisha akaanza kuangua kilio au kicheko ghafla, bila huzuni wala furaha, hata kwenye tangazo la sabuni. Breki ya ubongo juu ya kilio imeharibika. Ipo dawa inayosaidia. Msimpeleke kuombewa kwanza. Mpelekeni hospitali, na mwelezeni daktari kwamba kilio kinakuja bila huzuni, kwa sababu asipoambiwa hivyo anaweza kudhani ni majonzi tu.